Sura ya Tano: Mchanga wa Dodoma Baharini

Ukipita Majengo, mjini Dodoma, siku yoyote ya kazi, hutakosa kuona tripu ya mchanga imemwagwa kando ya barabara mbele ya nyumba inayojengwa. Umetoka korongoni, umepakiwa kwa sepetu, na kabla jua halijazama mwingi wake utakuwa umeshachanganywa na saruji. Chukua kiganja kimoja uusogeze karibu na macho. Punje nyingi ni nyeupe au hazina rangi, zinapitisha mwanga: hizo ni kwatzi. Katikati yake zimo punje za waridi na za rangi ya maziwa, zenye nyuso bapa na kona kali: hizo ni feldispa. Vile vigamba vyembamba vinavyometa na kung'ang'ania kidoleni ni ulanga. Punje ni kubwa, na kona zake bado ni kali, kwa sababu hazijasafiri mbali. Zimebanduka kwenye vilima vya graniti vinavyouzunguka mji.

Graniti hiyo ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ni sehemu ya kiini kikongwe cha nchi, ambacho wanajiolojia wanakiita Kratoni ya Tanzania, kinachotoka hapa katikati hadi Ziwa Victoria. Tangu kiini hicho kigande, mabara yameungana na kuachana, milima imeinuka pembeni yake ikalika mpaka ikaisha, nacho kimebaki. Sura hii inahusu ukingo wa mashariki wa bara la Afrika, pale nchi inapozama chini ya Bahari ya Hindi hadi kina cha zaidi ya mita 3,000, na huenda msomaji akauliza kwa nini sianzii Kilwa au Tanga. Sababu ni kwamba ukingo ule umetokana na mambo mawili: ufa uliolipasua bara, na mashapo ambayo mito iliyashusha kuujaza ufa huo. Yote mawili yanaonekana Dodoma leo, na yote mawili bado yanaendelea.

Tuanze na mito. Dodoma ni nchi kame. Hupata kiasi cha milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na makorongo yake hukaa makavu miezi mingi. Lakini mvua ikija huja kwa kishindo, huku ardhi ikiwa haina majani ya kuishika, na maji ya mchana mmoja huzoa mchanga uliotulia tangu msimu uliopita. Huenda njia tatu. Kaskazini na magharibi, mto Bubu hukusanya udongo wa Kondoa na kuumwaga kwenye kinamasi cha Bahi, na safari inaishia hapo, maana Bahi haina mlango wa kutokea. Ule mmomonyoko wa Kondoa uliofanya serikali ianzishe mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na kuondoa mifugo katika eneo lililoharibika mwaka 1979, haukuinufaisha bahari kwa lolote. Sehemu kubwa ya udongo ule ilibaki bondeni, na leo kuna watu wanaolima mpunga juu ya udongo wa namna hiyo.

Kusini, maji huteremka hadi Mtera, yakaingia Ruaha Mkuu na kisha Rufiji. Mashariki yako makorongo ya Kinyasungwe, yanayopita nchi ya Mpwapwa na Gulwe, yakakutana na Mkondoa upande wa Kilosa, yakawa mto Wami, unaoingia baharini Saadani, kaskazini ya Bagamoyo. Waliofanya kazi Reli ya Kati wanaijua Kinyasungwe kuliko mwanajiolojia yeyote. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe, kupitia Kidete na Godegode, kimeitesa reli hiyo tangu zamani. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliing'oa njia na kusimamisha treni. Maji peke yake yangevumilika. Kinachoiangusha reli ni mchanga: unashuka kutoka milimani, unajaza kitanda cha mto, kitanda kinapanda mwaka hadi mwaka, na mafuriko yanayofuata yanapita juu ya tuta. Mafundi wanauchota, mto unaurudisha. Mchanga ule uko safarini, na reli imejengwa katika njia yake.

Njiani punje hubadilika. Feldispa haivumilii maji na joto. Huoza ikawa udongo wa mfinyanzi. Ulanga huchanika vipande vidogo mno, ukaelea na tope. Kwatzi ndiyo inayobaki, ikisagwa kona zake mpaka zikawa butu. Kwa hiyo kile kiganja cha Majengo kikifika Saadani kitakuwa kimegawanyika: mchanga mweupe ufukweni, na tope jembamba lililosukumwa mbali na mawimbi. Mgawanyiko huo tutauhitaji tukifika kwenye gesi.

Sasa ufa. Treni inayotoka Bahi kwenda Manyoni hukata tambarare, kisha pale Saranda inakabili ukuta na kuanza kupanda. Ukuta huo ni mpasuko wa ardhi: upande mmoja umeshuka, mwingine umebaki juu. Huu ni mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa ukiwa unafifia kuelekea kusini, na mipasuko yake mingine, ya Bubu, Hombolo na Fufu, imeuzunguka mji wa Dodoma. Ndiyo sababu ya matetemeko yanayousumbua mkoa huu, likiwamo la mwaka 2002. Bara linavutwa pande mbili kwa mwendo wa milimita chache kwa mwaka. Gamba la dunia chini ya Dodoma lina unene unaokaribia kilomita 40, na likivutwa hivyo hufanya kama donge la unga wa chapati: hukonda katikati kwanza, hubonyea, ndipo huchanika. Pale lilipobonyea maji hukusanyika, na mashapo nayo hukusanyika. Bahi iko kwenye hatua ya kubonyea.

Pwani yetu ilipita hatua hiyo zamani sana. Miaka milioni 300 iliyopita hapakuwa na pwani. Afrika, Madagaska, India, Antaktika, Australia na Amerika ya Kusini zilikuwa nchi moja, Gondwana, na mahali ilipo Dar es Salaam palikuwa katikati ya bara, mbali na bahari yoyote. Nchi hiyo ikaanza kupasuka. Mipasuko ya kwanza iliacha mabonde yaliyojaa vinamasi na misitu, na misitu hiyo ndiyo makaa ya mawe ya Ngaka na Mchuchuma ya leo. Mabonde mengi yalikufa yakiwa mabonde. Lile la mashariki halikufa. Liliendelea kukonda na kushuka hadi maji ya chumvi yakapata njia ya kuingia kutoka kaskazini.

Bahari haikuingia kwa siku moja. Iliingia, ikakauka, ikaingia tena, na kila ilipokauka iliacha chumvi na jasi. Tabaka nene la chumvi hiyo liko chini ya ardhi ya Mandawa, kati ya Kilwa na Lindi. Baadaye maji yakatulia. Karibu na stesheni ya Kidugallo, zaidi ya kilomita 100 kutoka Dar es Salaam kwa reli, kuna mawe ya chokaa yaliyojengwa chini ya bahari enzi ya Jurasiki. Mapango ya Amboni kule Tanga yamechongwa na maji ndani ya chokaa ya enzi hiyohiyo. Ukiunganisha sehemu hizo kwenye ramani, unapata mstari wa pwani ya kwanza ya Afrika Mashariki, nao uko ndani sana kuliko wa leo.

Hakuna mahali unapoona uchanga wa pwani hiyo vizuri kama Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi. Wengi tunaijua Tendaguru kwa mijusi mikubwa ya kale, yaani dinosaria. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulioongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig, pamoja na mamia ya wafanyakazi wa Kiafrika waliosimamiwa na Boheti bin Amrani, ulichimba mifupa iliyobebwa vichwani hadi bandari ya Lindi. Mjusi mmoja aliyeungwa kwa mifupa hiyo amesimamishwa Berlin, na urefu wake kwenda juu unazidi mita 13. Bado ninaona kwamba mahali pake ni hapa nyumbani. Lakini mawe yaliyoifunika mifupa ile yana habari kubwa kama mifupa yenyewe. Tabaka za mijusi ni tatu, na zimepishana na tabaka za mchanga wa baharini wenye makombe. Nchi kavu, bahari, nchi kavu, bahari. Miaka milioni 150 iliyopita Lindi ilikuwa ufukwe tambarare wenye vidimbwi vya maji ya chumvi, unaofunikwa kila usawa wa maji ulipopanda kidogo na kuachwa ulipopungua. Mijusi ile mikubwa ilikufa kwenye ukingo wa bara uliokuwa bado mpya.

Wakati huo Madagaska ilikuwa inaondoka. Kwa miongo mingi wataalamu walibishana ilikotoka: wengine waliiweka mbele ya Msumbiji, wengine mbele ya Kenya na Tanzania. Jibu lilipatikana kwa kupima sumaku iliyonaswa ndani ya mawe ya sakafu ya bahari. Mwamba wa moto unapopanda kwenye ufa na kuganda, hunasa mwelekeo wa sumaku ya dunia wa siku hiyo, na kwa kuwa sumaku hiyo hugeukageuka, sakafu inabaki na mistari inayoweza kusomwa. Mwaka 1983 Philip Rabinowitz na wenzake walichapisha usomaji wao katika jarida la Science: Madagaska ilikuwa imeshikana na Kenya, Somalia na Tanzania, ikaanza kuondoka kiasi cha miaka milioni 165 iliyopita, ikateleza kuelekea kusini, ikasimama kiasi cha miaka milioni 120 iliyopita mahali ilipo leo. Njia iliyoteleza nayo bado ipo. Ni mgongo mrefu wa miamba uliozama mbele ya Mtwara na kaskazini ya Msumbiji, unaoitwa Mgongo wa Davie.

Baada ya hapo ufa ulihamia kwingine, na pwani yetu ikawa ukingo ambapo hakuna mabamba mawili ya gamba la dunia yanayosukumana. Hilo ndilo linaloitofautisha na Sumatra. Kule bamba moja linazama chini ya jingine, na Desemba 26, 2004 lilifyatuka, tsunami ikavuka bahari nzima na kuua watu hadi kwenye fukwe za Tanzania. Sisi hatuna mtambo wa namna ile mlangoni kwetu. Hata hivyo ukingo huu unaguswa na Bonde la Ufa, ambalo mkono wake mmoja unapita baharini kando ya Mgongo wa Davie. Tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa unaokaribia 6 lilitokea chini ya bahari, kusini mashariki ya Dar es Salaam, na watu wa ghorofani walikimbilia nje. Anayejenga jengo refu Kariakoo asidhani kwamba matetemeko ni ya watu wa Dodoma tu.

Ukiondoa maji, ukingo wenyewe una umbo hili. Kwanza kuna sakafu ya kina kifupi, ambayo ni bara likiendelea chini ya maji. Kwetu ni nyembamba. Katika sehemu nyingi za pwani ina upana wa kilomita chache tu, na inapanuka penye Unguja na Mafia. Kisha inafika mahali ambapo chini panaanguka ghafla. Kati ya Unguja na bara kina hakifiki mita mia moja, na ndiyo maana bahari iliposhuka kiasi cha mita 120 wakati wa barafu kuu, miaka 20,000 iliyopita, watu na wanyama walivuka kwa miguu. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata mifupa ya punda milia. Pemba ni habari nyingine. Mkondo unaoitenganisha na bara una kina cha mita mia kadhaa, ukifika kiasi cha 800, kwa kuwa ardhi ya hapo katikati ilishuka kwenye mipasuko. Pemba ilikuwa kisiwa hata wakati Unguja ilipokuwa sehemu ya bara, na chui wa Unguja hakuwahi kuwa na ndugu Pemba.

Wembamba huo wa sakafu ndio unaoleta bahari kuu karibu na mlango wa mvuvi. Mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki hugonga pwani karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji na kugawanyika. Tawi moja hupanda kaskazini mwaka mzima kando ya pwani yetu, kwa kasi wakati wa kusi na polepole wakati wa kaskazi. Maji yake ni ya joto na maangavu, hayana rutuba nyingi, na matumbawe yanayapenda. Chini kidogo ya maji hayo, kwenye kuta za mteremko, anaishi silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka pamoja na mijusi mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Kilwa na Tanga walianza kumpata kwenye jarife za kina kirefu kuanzia 2003 na 2004, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi yake Tanga. Mahali pengine duniani ungelazimika kusafiri mbali kutoka ufukweni kufikia kuta kama zile. Tanga mvuvi anafika na kurudi siku hiyohiyo.

Turudi kwenye tope la mito, maana ndilo lililoandika kumbukumbu. Kwenye vilima vya Kilwa na Lindi kuna udongo wa kijivu ambao mkulima anaujua kwa kuteleza wakati wa masika. Ulitulia kwenye mteremko wa bahari, katika kina cha mamia ya mita, kisha ardhi ikainuka. Kuanzia mwaka 2002 Paul Pearson wa Chuo Kikuu cha Cardiff, pamoja na wataalamu wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, akiwamo Joyce Singano, walichoronga visima vifupi ndani ya udongo huo. Loweka kipande chake kwenye maji, kichuje kwa chekeche laini, weka kilichobaki chini ya darubini: utaona magamba ya foraminifera, viumbe vya chembe moja vilivyoelea baharini makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita. Sakafuni mwa bahari kuu magamba ya umri huo huwa yamefanyika chokaa upya na kuwa meupe kama yaliyopakwa unga. Ya Kilwa ni maangavu, unaona ndani, kwa kuwa mfinyanzi uliyafunga na maji hayakupenya.

Kemia ya magamba hayo imetumika kupima joto la bahari na hewa ya ukaa ya nyakati ambazo hakuna kipimo kingine kama hicho. Miaka milioni 34 iliyopita barafu ilianza kuifunika Antaktika. Katika udongo wa Kilwa unaona foraminifera wenye miiba, Hantkenina, wakitoweka kwa ghafla, na mwaka 2009 Pearson na wenzake walionyesha katika jarida la Nature, kwa kutumia magamba haya, kwamba hewa ya ukaa ilikuwa imepungua wakati barafu ilipoanza. Wanaoandika vitabu vya tabianchi London na Chicago wanaitaja Tanzania kwa sababu ya tope hilo. Wanafunzi wetu wa sekondari wangestahili kulijua kwanza.

Mchanga nao ulienda mbali zaidi. Unapolundikana kwenye ukingo wa sakafu, mafuriko au tetemeko huuporomosha, na mchanganyiko wa maji na mchanga hukimbia chini ya mteremko kwa kasi, ukichimba mikondo, hadi unapotulia makumi ya kilomita baharini. Tope hufunika juu yake. Rudia hayo kwa miaka milioni mia moja na zaidi, na mashapo yanafika unene wa kilomita kadhaa. Gesi inayopikwa chini kabisa hupanda, huingia katika nafasi zilizo kati ya punje za kwatzi, na mfinyanzi ulio juu huizuia kutoka. Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982, na mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ikaanza kuwasha mitambo ya Ubungo. Kuanzia 2010 visima vya bahari kuu, Pweza, Chewa, Jodari, Zafarani na vinginevyo, viliongeza hesabu ya nchi hadi kiasi cha futi za ujazo trilioni 57. Ghala la gesi hiyo ni mchanga uliotoka bara, ukatulia chini ya bahari.

Hata mpaka wetu unategemea mashapo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unairuhusu nchi kudai sakafu ya bahari kupita maili 200, na njia mojawapo ya kuthibitisha dai ni unene wa mashapo: mahali unapodai, yawe na unene wa angalau asilimia moja ya umbali kutoka mguu wa mteremko. Tanzania iliwasilisha maombi yake New York Januari 2012.

Sasa mchanga huo unazuiwa. Bwawa la Mtera, lililokamilika 1980, linakamata unaotoka kusini ya Dodoma. Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022, liko chini ya makutano ya Ruaha Mkuu na Rufiji, hivyo linakamata karibu wote uliobaki kabla haujafika delta, penye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki. Mikoko husimama juu ya tope, na tope lisipoletwa mawimbi hulichukua lililopo. Umeme tunauhitaji, na siandiki kuupinga. Lakini kila bwawa lina hesabu ya maji na hesabu ya umeme, na hesabu ya mchanga inastahili uzito uleule. Bwawa la Kidunda, kwenye mto Ruvu, litagusa fukwe za Bagamoyo. Lile la Farkwa, kwenye mto Bubu, halitaigusa bahari, litawagusa wakulima wa Bahi. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, ambayo mizizi yake ni idara iliyoanzishwa 1925, iko Dodoma. Bunge liko Dodoma. Mbunge anayepelekewa bajeti ya bwawa lijalo aombe aonyeshwe kwa tani mchanga unaopita mtoni leo, utakaopita bwawa likishajengwa, na njia iliyotengwa ya kuupitisha, kabla hajasema ndiyo.